Vyuma vya Dirisha: Kinga ya Mwizi Isiwe Mtego wa Wenyeji

Tarafa ya Kanombe, katika wilaya ya Kicukiro, ipo upande wa mashariki wa jiji la Kigali. Jina lake limejulikana mbali kwa sababu ya uwanja wa ndege, kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi inayotibu askari na raia. Lakini Kanombe ni mahali pa kuishi vilevile. Kuanzia Kabeza hadi Busanza, Karama na Rubirizi, zimeenea nyumba za askari, polisi, wafanyakazi wa serikali, wafanyabiashara na mafundi. Nyumba hizo zatofautiana kwa ukubwa na kwa rangi ya mabati, ila kwa jambo moja zafanana: madirisha yake yamewekewa vyuma.

Kwa familia ya askari au polisi, vyuma hivyo vina maana ya pekee. Baba wa nyumba, na siku hizi mara nyingi mama mwenyewe, huenda zamu ya usiku. Wengine hupelekwa mbali na nyumbani kwa miezi mingi, kwa maana majeshi na polisi wa Rwanda wamekuwa wakishiriki katika ulinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa na wa Umoja wa Afrika tangu mwaka 2004, walipoanza kupelekwa Darfur. Anayebaki nyumbani na watoto hufunga mlango, hukaza komeo, hutazama vyuma vya dirisha, kisha hulala kwa utulivu. Chuma kimekuwa naibu wa mlinzi aliye mbali.

Hata hivyo, naibu huyo hana akili. Hawezi kutofautisha mkono wa mwizi unaosukuma kutoka nje na mkono wa mtoto unaosukuma kutoka ndani akikimbia moto. Wote wawili huwazuia kwa nguvu ileile. Kwa hiyo kila mwenye nyumba anayekusudia kuweka vyuma, au ambaye nyumba yake tayari inavyo, hana budi kujiuliza swali moja: je, watu wa ndani watatokaje siku ambayo mlango hautapitika?

ASILI YA VYUMA HIVI

Rwanda ni nchi ya wahunzi wa kale. Uchunguzi wa mabaki ya tanuri umeonyesha kuwa chuma kiliyeyushwa katika nchi hii tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Mhunzi alitoa jembe, mundu, mkuki na kisu. Hakuombwa kutengeneza vyuma vya madirisha, kwa sababu nyumba ya jadi ya Mnyarwanda haikuwa na madirisha. Ilikuwa nyumba ya duara, ya nyasi na fito, yenye mlango mmoja, na ulinzi wake ulikuwa nje: ua wa miti hai uliozunguka boma, ng'ombe ndani ya ua, na majirani walio karibu kiasi cha kusikia yowe.

Katika pwani ya Waswahili mambo yalikuwa mengine. Nyumba za mawe za Unguja zilikuwa na madirisha marefu yanayotazama vichochoro vyembamba, na madirisha ya chini yaliwekewa nondo zilizosimama wima, nyuma yake mbao za kufunga na kufungua. Kwa namna hiyo wenyeji walipata upepo mchana na usiku bila kumkaribisha mpita njia. Unguja ilijulikana pia kwa chuma kilichosubiwa kalibuni. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, lilizungukwa na baraza zilizobebwa na nguzo za chuma cha namna hiyo, kabla ya sehemu ya jumba hilo kuanguka mwezi wa Desemba 2020.

Mji wa Kigali wenyewe ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na nyumba za matofali yalikuja madirisha ya vioo, na pamoja na vioo ilikuja haja ya kuvilinda, kwani kioo huvunjika kwa jiwe moja. Mhunzi wa mivukuto akampisha fundi wa kuchomelea kwa umeme. Siku hizi mtu akienda Gakinjiro, huko Gisozi, ambako maseremala na mafundi wa vyuma wa Kigali wamekusanyika, husikia mlio wa misumeno ya chuma na kuona cheche kutoka asubuhi hadi jioni. Mageti, milango, fremu na vyuma vya madirisha hutoka hapo kwenda kila kilima cha jiji, Kanombe ikiwa mojawapo.

FAIDA ISIYOPINGIKA

Haitakuwa haki kuvilaumu vyuma bila kutaja faida yake. Ya kwanza ni kumchelewesha mwizi. Fundi mwaminifu hatasema kuwa chuma humzuia mwizi kabisa, maana mwizi mwenye msumeno, mtalimbo na muda wa kutosha hukata chuma chochote. Lakini mwizi hana muda. Kila dakika anayopoteza dirishani ni dakika ambayo mbwa atabweka, jirani ataamka, au watu wa irondo, yaani doria ya usiku ya wananchi, watapita.

Faida ya pili ni hewa. Nyumba yenye vyuma imara yaweza kulala na dirisha wazi kidogo, na wavu wa mbu ukiwa umekazwa juu yake. Jambo hili lina uzito katika nyumba ambamo jiko la makaa, liitwalo imbabura, hutumiwa karibu na vyumba vya kulala. Makaa yawakayo katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua aliyelala bila kumwamsha. Jiko la makaa halifai kuingizwa chumbani hata siku moja, na dirisha linalopitisha hewa ni kinga ya ziada.

Faida ya tatu ni watoto wadogo. Katika nyumba ya ghorofa, vyuma humzuia mtoto kuanguka. Na faida ya nne ni uzuri. Fundi mwenye jicho hupanga vyuma kwa mistari ya kupendeza, na Rwanda haina upungufu wa mifano ya kuiga. Imigongo, ile sanaa ya mistari na pembe iliyotokea sehemu za mashariki ya nchi, na mapambo ya vikapu vya agaseke, yaweza kuhamishiwa kwenye chuma bila kupoteza nguvu ya kazi.

MOTO HAUBISHI HODI

Ubaya wa vyuma hauonekani mpaka siku ya msiba, na siku hiyo huwa wamechelewa wote. Afrika ya Mashariki imefundishwa somo hili kwa machozi.

Mwezi wa Machi 1998, moto ulizuka usiku katika bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu, huko Pwani ya Kenya. Wasichana 26 walikufa. Madirisha ya bweni yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, liliteketea. Wavulana 67 walipoteza maisha. Huko nako mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Waliowahi mlango uliokuwa wazi walipona, na waliokimbilia madirishani walikuta vyuma.

Baada ya misiba hiyo, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008. Mwongozo huo uliagiza kuwa madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kirahisi kwa kusukumwa nje, na kwamba milango iwe na upana usiopungua futi 5, ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa kufuli wanafunzi wanapokuwa ndani. Kila sentensi ya mwongozo huo ina makaburi nyuma yake.

Ulimwengu wa mbali nao ulijifunza hivyohivyo. Mwaka 1911, katika jiji la New York, kiwanda cha nguo cha Triangle Shirtwaist kiliungua, na watu 146 walikufa, wengi wao wasichana washonaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa. Sheria nyingi za Marekani kuhusu njia za dharura katika majengo zilitokana na msiba huo.

Nyumba ya familia ni ndogo kuliko bweni au kiwanda, lakini hatari ni ileile. Moto unaoanza kwa mshumaa, kwa waya uliochakaa au kwa jiko lililoangushwa na paka waweza kutwaa chumba kizima kwa dakika chache tu. Moshi hutangulia mbele ya mwali, na aghalabu ndio unaoua. Mara nyingi moto huanzia sebuleni au jikoni, yaani upande ambao ndio njia ya kwenda mlangoni. Aliye chumbani hubakiwa na njia moja, nayo ni dirisha. Ikiwa dirisha hilo lina vyuma vilivyochomelewa pande zote, basi chumba hicho hakina tofauti na sanduku lililofungwa.

CHUMA PEKE YAKE HAKITOSHI

Kuna funzo jingine, zito zaidi, lililo karibu na Kanombe. Kusini mwa Kigali, katika wilaya ya Bugesera, lipo kanisa la Nyamata. Mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia humo wakajifungia nyuma ya lango la chuma. Wauaji walilivunja kwa mabomu ya mkono, wakaingia. Lango lile lililoharibiwa limehifadhiwa, na mabati ya paa yangali na matundu. Kanisa hilo ni mahali pa kumbukumbu, na mwezi wa Septemba 2023 liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero.

Kanombe yenyewe ina jengo linalofundisha neno la jinsi hiyo kwa njia nyingine. Ni nyumba iliyokuwa makao ya Rais Juvénal Habyarimana, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa Makumbusho ya Sanaa ya Rwanda. Nyumba hiyo ilijengwa kwa hadhari kubwa, ikawekewa vifaa vya ulinzi hata katika ngazi za kwendea vyumba vya kulala. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyombeba rais huyo pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua, na mabaki yake yakaanguka katika eneo la nyumba hiyohiyo. Wote waliokuwa ndani ya ndege walikufa. Mabaki ya ndege yangali pale, na wageni huonyeshwa.

Msomaji aliye askari au polisi hahitaji kufafanuliwa sana maana ya mambo hayo mawili. Lango la chuma lafaa pale tu ambapo nje yake mna sheria, na mna jirani anayeitika akiitwa. Jirani akigeuka adui, chuma huchelewesha tu. Jirani akiwa mwema, chuma huwa msaada mdogo juu ya msaada mkubwa. Ndiyo sababu ulinzi wa kwanza wa nyumba ya Kanombe ni majirani wanaojuana, wanaokutana kwenye umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wanaojua ni nani yuko safarini na ni nani amebaki na watoto. Jirani wa namna hiyo ndiye atakayeona moshi kwanza.

DIRISHA LA KUTOKEA

Je, basi, vyuma ving'olewe? La. Kwa nyumba ya familia kuna njia ya katikati, inayowezekana kwa fundi yeyote wa Gakinjiro au wa kando ya barabara. Ni kuweka katika kila chumba cha kulala angalau dirisha moja ambalo sehemu ya vyuma vyake hufunguka kama mlango mdogo, kwa bawaba, kutoka ndani.

Kipimo cha upenyo huo kisikisiwe. Nchini Uingereza, kanuni za majengo hutaka dirisha la kutokea liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, na upana wala urefu usipungue sentimita 45. Ukingo wa chini wa upenyo hautakiwi kuzidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Nchini Marekani kipimo ni kikubwa zaidi: upana usiopungua inchi 20, yaani sentimita 51 hivi, urefu usiopungua inchi 24, yaani sentimita 61, na uwazi wote usiopungua mita za mraba 0.53. Tena, vyuma vikiwekwa kwenye dirisha kama hilo, kanuni za huko hutaka vifunguke kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa.

Mlango mdogo wenye uwazi wa sentimita 60 kwa sentimita 90 hutoa mita za mraba 0.54, hivyo hutosheleza vipimo vyote viwili. Mtu mzima mwenye mwili hupita, na mzimamoto aliyevaa vifaa vyake ana nafasi ya kuingia. Dirisha likiwa juu mno, kiti imara au sanduku liwekwe chini yake siku zote, ili mtoto asihangaike kulitafuta gizani.

Jambo moja husahauliwa mara kwa mara: vyuma na vioo havina budi kupatana. Ikiwa vioo hufunguka kwa nje, vyuma hukaa ndani na mlango wake mdogo hufungukia chumbani. Ikiwa vyuma viko nje, basi navyo vifungukie nje. Mlango wa chuma wa sentimita 60 hauna faida iwapo kioo kilicho mbele yake hufunguka sentimita 30 tu. Na kitanda au kabati lisiegemezwe mahali ambapo mlango huo unatakiwa kupita.

KUPATANA NA FUNDI

Wengi humwendea fundi wakiwa na swali la bei tu. Yafaa mwenye nyumba aende na vipimo, na ajue kazi inakula chuma kiasi gani.

Tuseme dirisha lina upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 100, na nondo zitakazotumika ni za mraba, za milimita 12. Nondo ya namna hiyo ina uzito wa kilo 1.13 hivi kwa kila mita. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipenye kikanasa. Hapo zitahitajika nondo 10 za wima, na nafasi kati yake itakuwa sentimita 9.8. Zikiongezwa fremu ya kuzunguka na nondo mbili za kulala, jumla ni mita 16.8, yaani yapata kilo 19. Kwa kuwa nondo huuzwa kwa urefu wa mita 6, nondo tatu nzima zinatosha. Fundi akitaka tano kwa dirisha hilo, mwenye nyumba ana haki ya kumwambia kwa upole, "Fundi, hebu tupige hesabu pamoja."

Mlango mdogo wa kutokea, pamoja na mhimili wake, huongeza nondo moja hivi ya mita 6, bawaba mbili imara na komeo moja. Hiyo ndiyo tofauti yote ya gharama kati ya dirisha linalofunga tu na dirisha linalookoa. Familia isiyoweza kuimudu kwa madirisha yote ianze na chumba cha watoto.

Katika kukagua kazi kabla ya kulipa, mambo haya yatazamwe. Kwanza, mashono ya kuchomelea yawe yamezunguka kiungo, wala isiwe tone moja la upande mmoja. Fundi agonge ganda la juu kwa nyundo ili shono lenyewe lionekane. Pili, nondo za wima ziwe nyingi kuliko za kulala, maana nondo za kulala huwa ngazi kwa mwizi na kwa mtoto mtundu. Tatu, miguu ya kuingia ukutani iwe mirefu, sentimita 10 au zaidi, na ncha zake zipasuliwe kama mkia wa mbayuwayu ili zishike saruji. Katika ukuta wa rukarakara, yaani matofali ya udongo yasiyochomwa, miguu iingie ndani zaidi na izungushiwe saruji ya kutosha, kwani udongo hubomoka ukivutwa. Nne, pini za bawaba zisiweze kuchomolewa kutoka nje.

Mwisho ni komeo. Hapa ndipo hofu ya mwizi na hofu ya moto hugombana. Komeo lisilo na ufunguo ndilo bora kwa moto, lakini mwizi aweza kuvunja kioo, akapitisha mkono na kulifungua. Dawa yake ni bamba la chuma linalochomelewa mbele ya komeo, ili mkono wa aliye nje usilifikie. Iwapo familia itashikilia kutumia kufuli, basi ufunguo utundikwe kwenye msumari mahali pamoja pasipobadilika, ndani ya chumba hichohicho, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono kutoka dirishani, na uzi wa rangi ya kung'aa ufungwe juu yake. Ufunguo uliofichwa chini ya godoro la baba ni sawa na ufunguo uliopotea.

Kazi ya kuchomelea yenyewe isifanywe watoto wakiwa karibu. Mwanga wake huunguza macho, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, mtoto akiwa kitandani. Vyuma vikichomelewa vikiwa tayari ukutani, mapazia, magodoro na mikeka viondolewe kwanza, na ndoo ya maji au mchanga iwekwe tayari, kwa maana cheche hutafuta penye nguo. Karakana za Gakinjiro zenyewe zimeungua zaidi ya mara moja, na wenye mali walipata hasara kubwa.

KUTU, ADUI WA KIMYAKIMYA

Kigali hupata mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Septemba hadi Desemba. Maji hujikusanya kwenye viungo na kwenye ukingo wa chini wa fremu, na hapo ndipo kutu huanza. Chuma kipya kisuguliwe kwa brashi ya waya na msasa, kipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Rangi ipakwe pande zote kabla ya vyuma kufungwa ukutani, kwa kuwa baadaye brashi haifiki nyuma.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya kila msimu wa mvua, mwenye nyumba apitie madirisha yake. Palipobabuka pasuguliwe na kupakwa upya. Bawaba na komeo vitiwe mafuta, kisha mlango mdogo ufunguliwe na kufungwa mara kadhaa. Mlango wa dharura usiofunguliwa kwa miaka mitatu hugeuka kuwa ukuta, kwa sababu kutu huushika kama gundi. Wapangaji nao wasinyamaze. Anayekodi nyumba ambayo vyuma vyake havifunguki amweleze mwenye nyumba, na ikiwezekana wagawane gharama ya kukata dirisha moja.

ZOEZI LA FAMILIA

Askari na polisi wanajua kuwa amri isiyofanyiwa zoezi husahaulika siku ya hatari. Nyumbani ni vivyo hivyo. Jioni moja kwa kila miezi michache, familia nzima ifanye zoezi fupi, taa zikiwa zimezimwa. Kila mtoto aonyeshe jinsi ya kutambaa chini ya moshi, kuufikia mlango au dirisha, kufungua komeo na kutoka. Mtoto mchanga na mzee wapewe mtu maalumu wa kuwachukua. Nje ya nyumba pachaguliwe mahali pa kukutania, kwenye mti au kwenye geti la jirani, ili wote wahesabiwe. Aliyekwisha kutoka asirudi ndani kufuata simu wala nguo.

Namba za kuomba msaada zibandikwe ukutani na kila mtoto azijue kwa moyo: 111 ya kikosi cha zimamoto na uokoaji cha Polisi ya Rwanda, na 112 ya dharura.

Iwe mwiko, tena mwiko usio na udhuru, kuwafungia watu ndani kwa kufuli la nje. Wapo wazazi ambao hutoka usiku kwenda zamu au sokoni alfajiri, wakafunga mlango kwa nje huku watoto wamelala, wakidhani wamewalinda. Kumbe wamewaacha bila mlinzi na bila mlango.

Wahenga walisema kuwa kinga ni bora kuliko tiba, nao walisema pia kuwa tahadhari kabla ya hatari. Nyumba nyingi za Kanombe zimekwisha kutimiza nusu ya maneno hayo kwa kuweka vyuma. Nusu iliyobaki ni ndogo na bei yake inajulikana: nondo moja, bawaba mbili, komeo moja, na dakika chache za zoezi pamoja na watoto.